Feni Tatu Zinatosha

Fundi wa kompyuta ninayemhusudu kuliko wote mjini Kisii ana tabia moja inayowaudhi wateja: hukataa kuuza feni. Mteja anafika na kasha jipya lenye nafasi saba za feni. Ameshahesabu pesa, ameshaona kwenye simu jinsi kompyuta za watu wa ng'ambo zinavyometameta rangi zote, naye anataka nafasi zote saba zijazwe. Fundi analigeuza kasha, anachungulia mbele, anachungulia nyuma, anapitisha kidole kwenye matundu ya wavu. Kisha anasema tatu zinatosha. Mbili mbele, moja nyuma.

"Na hizo nne, fundi?"

"Hizo nne mnunulie mama unga, kijana wangu."

Wengine hununa na kushuka ngazi kwenda kutafuta duka lisilo na maneno mengi, wauziwe saba zao. Mimi mwenyewe sikubaliani naye katika kila jambo. Taa za rangi hazina dhambi, na kijana aliyenyimwa usingizi na mitihani ana haki ya kuwa na kitu kinachong'aa mezani. Lakini likija suala la hewa, nimejifunza kunyamaza na kutazama.

Kukaza vipande vya kompyuta si kazi ngumu. Prosesa inakubali upande mmoja tu, kumbukumbu hubonyezwa mpaka ilie, na plagi nyingi haziingii kinyume. Ugumu uko kwenye kile kisichouzwa ndani ya boksi. Chukua mashine ya kawaida ya magemu ya mwanafunzi wa chuo: prosesa ya Ryzen 5 5600, iliyoandikiwa wati 65, na kadi ya grafiki ya RX 580 ya mtumba, ambayo peke yake huweza kula wati 185. Ongeza madabodi, diski, na zile zinazopotelea ndani ya pawa saplai, na mchezo ukichacha unakaribia wati 300. Wati hizo zikishamaliza kuchora nyasi za uwanja na nyuso za wachezaji, hazina pa kwenda ila kugeuka joto, zote. Prosesa hiyo ina mpaka wa nyuzi 90 za Selsiasi. Ikiugusa, hujipunguza kasi yenyewe isije ikaungua. Mchezaji haoni nyuzi joto. Anachoona ni mshambuliaji aliyebaki na kipa peke yake akiganda hapo hapo, naye anakuja dukani kulalamika kwamba mashine ina virusi.

Joto hilo hubebwa nje na hewa, na hewa ya Kisii si ile ya Mombasa. Mji uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Nyamira hupita 2,000. Katika kimo cha Kisii, hewa yenye joto lilelile ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 18 hivi. Feni haijali uzito. Ikizunguka mara 1,200 kwa dakika itasukuma ujazo uleule huku na kule, ila ujazo wa Kisii una hewa pungufu ndani yake, kwa hiyo unaondoka na joto pungufu. Kutoa wati 300 kwa hewa inayoruhusiwa kupanda joto kwa nyuzi 10 tu njiani, pwani kunataka kama mita za ujazo 90 kwa saa. Kisii kunataka karibu 110. Hata nguvu ya feni ya kupenya vizuizi inapungua kwa kiasi hichohicho, jambo ambalo boksi la feni halimwambii mtu.

Milima hiyohiyo hulipa fidia. Mchana wa Kisii ni nadra kuzidi nyuzi ishirini na kitu, wakati Mombasa hupita 30 kwa miezi mingi, na kila uzi mmoja ambao chumba kimepoa huifikia prosesa karibu wote. Kwa hiyo mashine ya Kisii inaanza na mtaji. Ndiyo maana sina subira na ushauri unaotoka mahali ambako hatujui kimo chake wala jua lake, ukisema kila kasha lazima liwe na feni sita. Sita kwa hewa ya nani?

Fundi hupenda kuthibitisha kwa moshi. Anawasha dawa ya mbu, ile ya kuchoma, anaishika mbele ya kasha mashine ikiwa kazini na ubavu wake wa kioo umefungwa. Moshi mwembamba unaingia ndani na kujichora. Siku moja alimwekea mteja mbishi feni zote alizotaka, kwa majaribio. Tuliona moshi unaingia kwa feni ya mbele ya juu, unapinda, na kunyakuliwa na feni ya darini iliyokuwa juu yake kabla haujaifikia prosesa. Hewa safi, baridi, imelipiwa stima kuingia na ikalipiwa tena kutoka, bila kufanya kazi yoyote. Akaichomoa ile ya darini. Moshi ukanyooka, ukapita katikati ya mapezi ya kipoza joto, ukatokea nyuma. Mteja hakusema kitu.

Wapo wanaojibu kwamba hewa moto hupanda, basi feni ya darini ni ya lazima. Kweli hupanda, ndani ya chumba kizima, mahali pasipo na feni. Ndani ya kasha la urefu wa nusu mita, feni moja inayozunguka pole pole inaushinda mpando huo kwa mbali. Kama kadi ya grafiki ni ya moto sana, fundi huweza kukubali feni moja darini, lakini nyuma kabisa, karibu na ile ya kutolea. Ile nafasi ya darini iliyo mbele huiacha tupu, siku zote.

Anayetaka kuelewa mambo haya kwa undani asianzie maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi. Apande matatu hadi Kebirigo, kaunti ya Nyamira, aombe kuonyeshwa chumba cha kunyaushia majani katika kiwanda cha chai. Au aende Sanganyi, au Nyansiongo, au Tombe. Kazi ni ileile. Humo kuna mahori marefu, kila moja na feni kubwa kichwani. Chini ya hori ni nafasi tupu, juu yake wavu, na juu ya wavu majani mabichi ambayo robo tatu au zaidi ya uzito wake ni maji. Feni inaijaza ile nafasi ya chini, hewa inakosa pa kutokea isipokuwa kuyapenya majani, na kwa saa 12 hadi 18 inaondoka na unyevu kidogo kidogo mpaka jani linalegea, linakunjika mkononi bila kuvunjika. Ustadi wote uko kwenye utandazaji. Majani yakiwa mazito huku na membamba kule, hewa hukimbilia palipo pembamba, na upande mzito unabaki umelowa hata ungeleta feni ya ndege. Wafanyakazi wa zamu hupita wakiyainua na kuyasawazisha kwa mikono, na mzoefu anajua kwa kugusa mahali hewa ilipokwepa.

Mapezi ya kipoza joto ni hori dogo. Wavu wa mbele ya kasha ni hori, chujio la vumbi ni hori, na hewa ndani ya kompyuta ina uvivu uleule wa Kebirigo: ukiiachia mwanya wowote wa kukwepa, itakwepa. Kwa sababu hiyo feni hupimwa kwa vipimo viwili, si kimoja. Kuna ujazo inaousukuma ikiwa mahali wazi, na kuna msukumo inaouweza ikizibiwa njia, ambao hupimwa kwa milimita za maji. Wauzaji hupenda kutangaza cha kwanza kwa sababu namba yake ni kubwa. Fundi huanza na cha pili. Feni inayopuliza sana ikiwa mkononi inaweza kunywea kabisa ukiiwekea chujio mbele.

Feni anayoitumia zaidi ni Arctic P12, ya milimita 120: mizunguko 1,800 kwa dakika, karibu mita za ujazo 95 kwa saa, milimita 2.2 za maji. Anayoisifu ni Noctua NF-A12x25 ya Waustria, iliyotoka mwaka 2018, yenye mizunguko 2,000, mita za ujazo 102, milimita 2.34, na mwanya wa nusu milimita tu kati ya ncha ya panga na fremu. Mwanya huo ndio unaostahili heshima. Plastiki inayozunguka kasi hutanuka, na kuizuia isiguse fremu kwa miaka kadhaa ni kazi ya wanakemia kama ilivyo ya wahandisi. Rangi yake ya kahawia na krimu imechekwa dunia nzima, na fundi anaipenda hivyohivyo. Lakini Arctic huuzwa kwa pakiti ya tano, na kwa bei za ng'ambo pakiti hiyo nzima kwa muda mrefu haikuwa mbali na bei ya Noctua moja. Kwa mwanafunzi ambaye mzazi wake anasubiri bonasi ya chai, hakuna mjadala. Kifurushi hupandishwa basi Nairobi jioni, asubuhi kiko Kisii.

Makasha yenye kioo kitupu mbele, fundi huyaita kwa jina ambalo siwezi kuliandika hapa. Hewa yote inalazimika kuingia kwa ufa wa pembeni. Njia yake ya kupima ni ya kimaskini na haina kosa: kama ufa haupitishi kidole, anashauri kioo kibaki nyumbani na nafasi yake ichukuliwe na wavu wa chuma, alioukata mwenyewe na kuupaka rangi.

Halafu kuna vumbi, na juu ya vumbi fundi anaweza kuzungumza mpaka duka lifungwe. Anadai kwamba ukimletea mashine bila kusema unakotoka, atakwambia. Vumbi jekundu limetoka kando ya barabara ya murram. La kijivu lenye mafuta limekaa karibu na jiko la kuni. Kuna jeupe linaloganda likipata unyevu, hilo ni la nyumba iliyopakana na kinu cha posho. Na kuna jeupe jingine, laini mno, linaloteleza kati ya vidole: Tabaka. Kule kwenye machimbo ya mawe ya sabuni, kinyago husuguliwa kwa msasa ndani ya karai la maji, na hapo hakuna vumbi. Lakini kabla ya karai jiwe limekatwa kwa msumeno na kuchongwa likiwa kavu, na unga wake ni wa ulanga, laini kiasi cha kupita katika machujio mengi yanayouzwa na makasha. Unajibana kwenye mizizi ya mapezi, mahali ambapo hewa ni ya polepole, na kujenga kuta. Nimemwona akiutoa kwa brashi ya rangi ya nywele laini, pezi baada ya pezi, bila haraka, akipumua kando.

Dhidi ya vumbi silaha yake ni ileile hesabu ya mbili kwa moja. Feni mbili zikiingiza na moja ikitoa, ndani ya kasha hewa inazidi kidogo ya nje, na ziada yake hutafuta kutoka kupitia kila ufa. Vumbi haliwezi kuingia kwa mlango ambao upepo unatokea. Ukigeuza, ukaweka nyingi za kutoa na chache za kuingiza, kasha linavuta kupitia kila tundu lisilo na chujio: tundu la plagi za simu, kona ya kioo, nafasi tupu za kadi. Mashine zote mbili zinaweza kusoma nyuzi joto zilezile siku ya kwanza. Tofauti huonekana msimu wa kiangazi ukipita. Wapo mafundi wanaovalisha feni soksi ndefu za nailoni za wanawake badala ya chujio, na yeye hawacheki. Anachotaka ni zivutwe sawasawa na zifuliwe mara kwa mara, maana chujio chafu ni ukuta.

Kelele ni suala ambalo Kisii tunalichukulia kivyetu. Feni ukiipunguza kasi kwa nusu, ujazo wa hewa hupungua nusu, msukumo hubaki robo, umeme unaoliwa hubaki sehemu moja ya nane, na kelele hushuka kwa desibeli 15 hivi, tofauti ambayo sikio lolote linaisikia. Hiyo ndiyo sababu ya kupendelea feni chache kubwa zinazokwenda taratibu kuliko ndogo zinazolia. Fundi huipanga ratiba ya kasi kwa mkono: feni zikae chini mpaka nyuzi 60, zipande taratibu, na zisubiri sekunde kadhaa kabla ya kuitikia, ili mashine isiheme kila ukurasa unapofunguliwa. Kwa magemu hupenda feni za kasha zifuate joto la kadi ya grafiki badala ya la prosesa, kwa kuwa kadi ndiyo inayomwaga joto jingi ndani ya boksi. Anafanya kazi hiyo yote ya utulivu katika mji ambamo saa tisa alasiri mvua ikianza kupiga mabati hata king'ora husikii. Nilimuuliza anamfanyia nani. Akasema mvua huisha, na kijana hucheza usiku.

Kuhusu kupoza kwa maji atakwambia machache. Pampu ni kitu kimoja zaidi cha kufa, maji hupungua polepole kupitia mipira hata bila kuvuja, na siku pampu ikifa kipuri kiko mbali. Kwa prosesa ya wati 65, kipoza joto cha mapezi chenye feni moja nzuri kinamaliza kazi. Pesti ya joto ni punje moja ya ukubwa wa mchele katikati, basi. Ameona watu wakiipaka kama siagi ya mkate na hana la kuongeza.

Kinachonivutia zaidi kuliko mashine mpya ni zile kompyuta za ofisi zilizokuja kutoka Ulaya zikiwa zimetumika. Dell OptiPlex, HP EliteDesk: ndizo mlango wa vijana wengi kuingia kwenye magemu, kwa sababu ya bei. Zimeundwa kwa kazi ya barua na hesabu. Mbele ni plastiki, feni ni moja au mbili, na mara nyingi plagi za feni hazifanani na za soko, hivyo ukibadilisha feni ovyo mashine inawaka na kugoma, ikililia feni yake. Weka kadi ya grafiki humo na umeweka jiko ndani ya kabati.

Hapo ndipo fundi hukaa chini. Hakimbilii kutoboa. Anaiacha feni ya kiwandani mahali pake na plagi yake, ili mashine isinung'unike, kisha anatafuta njia ambayo hewa tayari inaitaka. Anatoa vile vibati vya nafasi tupu karibu na kadi. Anakata bomba la hewa kutoka jalada gumu la plastiki, la faili za shule, analikunja kwa rula, analishika kwa vifungio vya nyaya, ili hewa ya mbele iende moja kwa moja chini ya kadi bila kupotea njiani. Kipande hicho hakifiki shilingi mia. Anakikata mara ya kwanza kwa karatasi, anajaribu, anakata tena, mpaka pembe zake zikae bila kulazimishwa. Nyaya anazipitisha mbali na mdomo wake. Akimaliza, ukifunga kasha hakuna linaloonekana, na mteja asiyeambiwa atadhani amelipia kufutiwa vumbi.

Kabla ya kukabidhi mashine yoyote anaiendesha kwa mzigo mzito nusu saa, kasha likiwa limefungwa. Wengi hupima likiwa wazi, na huko ni kujidanganya, kwa sababu kasha lililofunguliwa halina njia ya hewa ya kupimwa. Anaandika joto la chumba, joto la prosesa, joto la kadi, kwenye kikaratasi anachokigandisha ndani ya ubavu wa kasha pamoja na tarehe. Mashine ikirudi baada ya mwaka anajua imepoteza nyuzi ngapi na aanze kuutafuta ukuta upande upi.

Maagizo yake ya kuondokea ni mafupi. Isikae sakafuni. Isisukumwe hadi ukutani, ipewe kiganja kimoja nyuma. Machujio yafuliwe, yakauke kabisa. Ukipuliza feni kwa blowa, shika panga kwa kidole kwanza, kwa sababu feni inayozungushwa na upepo hupita kasi iliyoumbiwa, beringi inaumia, na mota inaweza kurudisha umeme kwenye madabodi. Ilete dukani kila baada ya miezi mitatu. Ukiwa wa Tabaka, kila mwezi.